Koti la Baba Nekesa

Nakumbuka siku moja, Jumapili ya jua kali, mume wangu alilitoa koti lake la kijivu kabatini, akalivaa, kisha akasimama mbele ya kioo. Nilikuwa nimekaa kitandani nikimsuka binti yetu Nekesa nywele za kwenda kanisani. Nikainua macho. Koti lilikuwa linampwaya, mwanangu, mabega yameteremka na kifua chake kinapepea kama pazia. Mimi nilipoona vile nilifurahi, nusura nipige kigelegele humo chumbani. Yeye alipojiona alinywea, akalivua polepole, akaenda kanisani na sweta. Ngoja nikueleze kwa nini koti lile lile lilimfurahisha mmoja na kumtia mwingine aibu, maana hapo ndipo nyumba yangu ilipoanza kuanguka.

Mume wangu aliitwa Zakaria. Tulitoka magharibi mwa nchi tukiwa vijana, tukapata vyumba viwili vya kaunsili mtaa wa Maringo, huku Eastlands, Nairobi. Usilicheke jina la mtaa, maringo tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kweli. Alipoanza kazi kiwandani alikuwa mpakiaji wa magunia, mwembamba, anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Siku ya harusi yetu mama mkwe alinishika mkono mbele ya watu wote akaniambia, "Mama, nakukabidhi mfupa. Nirudishie nyama." Watu wakapiga makofi. Huo ndio uliokuwa mtihani wa mke kwetu, na cheti chake hakikuwa karatasi, kilikuwa mwili wa mume. Kila Desemba, wanaume wa Nairobi waliposhuka nyumbani, akina mama waliwatazama tumboni kwanza, usoni baadaye. Aliyerudi na kitambi walisema Nairobi imemkubali. Aliyerudi mwembamba walimnyamazia, na mke wake wakamsema jikoni.

Basi nilipika, mwanangu. Nilipika ugali wa kutosha wanaume wawili, nyama ya kukaanga inayoogelea mafutani, chapati za Jumapili, chai ya maziwa iliyokolea sukari mpaka kijiko kinasimama. Zakaria naye akapandishwa cheo, akawa nyapara. Kazi ya nyapara ni kukaa na kupiga kelele, na kelele hazipunguzi mwili. Akaacha kutembea, akaanza kupanda basi. Mwisho wa mwezi wenzake walimpeleka kula nyama choma, naye hakuwa mtu wa kuondoka mezani kabla ya sahani. Tumbo likaja, na mimi nikalipokea kama mgeni wa heshima. Pale bombani tulipochotea maji nilikuwa nasema kwa sauti, "Mzee wangu siku hizi hata mlango anaupita kwa ubavu." Wenzangu wakacheka, wakanionea wivu, nami nikarudi nyumbani nimesimika shingo.

Wakati huo ndipo aliposhonewa koti la kijivu. Fundi alikuwa Mzee Mutiso, mtu wa Ukambani, mzee wa kanisa letu, aliyeweka cherehani yake kwenye baraza ya duka karibu na lile bomba. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa sababu muda mwingi mdomo wake ulikuwa umebana pini. Alipompima Zakaria tumbo ilibidi amkumbatie ili mikono yake ikutane nyuma. Watoto waliokuwa wakitazama waliangua kicheko, na Zakaria akacheka kuliko wote. Koti lilipoisha lilimkaa sawasawa. Alionekana kama waziri.

Ugonjwa hauji na tarumbeta. Kwanza ilikuwa kiu. Anakunywa maji, anakunywa tena, na bado ulimi umekauka. Kisha safari za msalani zisizokwisha. Jirani mmoja alinivuta kando akanionyesha pale msalani, sisimizi wamejaa mahali mume wangu alipokojoa. Mimi nilidhani ni uchafu wa mtaa, nikamwaga dawa. Halafu akajikwaa kidole cha mguu, kidonda kidogo cha kawaida, kikakataa kupona. Wiki zikapita, kidonda kinatazama tu.

Daktari wa zahanati alikuwa kijana mpole. Alimpima damu, akampima presha, akamfunga Zakaria utepe tumboni kama Mzee Mutiso, ila yeye hakucheka. Akasema, "Mzee, una sukari, na una presha. Na hili tumbo linavilisha vyote viwili. Nitakupa vidonge, lakini vidonge peke yake havitoshi. Punguza chakula, acha sukari, tembea." Zakaria akamwambia tumbo lile ni la heshima. Daktari akamjibu, "Heshima yako inakukaba, mzee."

Nikuambie ukweli, nilirudi siku hiyo nikilia kwa hasira. Nilihisi daktari amenitukana mimi, amelitukana sufuria langu. Lakini niliogopa kuwa mjane kuliko nilivyoogopa aibu, kwa hiyo nilipika upya. Ugali nikaupunguza, tena wa wimbi. Mboga nikazijaza sahani: kunde, mrenda, sukuma. Mafuta nikayapima kwa kijiko badala ya kuyachota kwa mwiko. Chai akainywa bila sukari huku amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Akarudi kutembea kwenda kazini, mwanzo anapumzika njiani, baadaye anawapita vijana. Mwenzangu, huyo mtu alijitahidi! Usije ukasikia hadithi hii ukadhani mume wangu alikuwa mlafi asiyejali. Alifanya yale wengi wetu hatuyawezi. Mwili ukapungua, presha ikashuka, kidonda kikafunga, na usingizi wake ukawa hauna mkoromo. Yule daktari alimpa mkono akamwambia, "Kaa hapo hapo."

Kwa hiyo ile Jumapili ya kioo, mimi niliona mtu aliyepona. Yeye aliona kile walichokiona watu.

Na watu walikuwa wamekwisha kusema. Ulimi hauna mfupa, lakini unavunja mifupa. Kila alikopita ilikuwa, "Zakaria, umeisha!" Pale bombani mwanamke mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Mama Nekesa, kwani siku hizi unampikia bwana yako maji?" Nilimjibu kwamba ni amri ya daktari. Wakatazamana. Miaka ile, mwanangu, ule ugonjwa mpya wa kukondesha watu ulikuwa umeanza kunong'onwa mjini, na hakuna aliyeujua vizuri, kila mtu aliuogopa. Mwembamba yeyote alikuwa mshukiwa. Jioni moja Zakaria aliingia ndani, akaketi bila kuvua viatu, akaniambia, "Leo kazini kikombe changu wamekitenga."

"Kimetengwaje?"

"Kimewekwa dirishani peke yake. Hakuna anayekigusa."

Nilimwambia awaeleze ni sukari. Akasema amewaeleza, na wamemjibu kwamba kila mtu ana jina lake la kuficha ugonjwa ule. Nilimwona machozi yakimlenga, mtu mzima, nyapara. Nikapiga magoti, nikamvua viatu.

Juu ya hayo akaja ndugu yake Wafula kutoka nyumbani. Dada yao mdogo alikuwa anaposwa, na Desemba wakwe wangekuja kuzungumza mahari. Baba yao alikwisha kufariki, na Zakaria, kama mwana wa kwanza, ndiye angekaa kwenye kiti cha baba na kusema kwa niaba ya ukoo. Wafula alimtazama kaka yake kutoka kichwani hadi miguuni, hata chai hajaonja. Akasema, "Ndugu yangu, ukikaa mbele ya wakwe namna hii watasema Nairobi imekutapika. Watasema tunamwoza dada kutoka nyumba ya mgonjwa. Nani atawazuia kurudi na ng'ombe wao?"

Nikaingilia, "Shemeji, yeye sasa ndiyo mzima. Alipokuwa mnene ndipo alipokuwa mgonjwa."

Wafula akanicheka kwa upole. "Shemeji, hayo ni ya hospitali. Nyumbani wanapima kwa macho."

Asubuhi yake nililichukua lile koti nikalipeleka kwa Mzee Mutiso alipunguze. Niliwaza, likimkaa vizuri atajiona mtu tena, na macho ya wakwe yataona koti, hayataona mwili. Mzee alilipindua, akaona mishono, akasema lina kitambaa kizuri, litatoka kama jipya. Alikuwa ameshika wembe tayari kufumua mshono wa mgongo, mara Zakaria akatokea. Alikuwa ameambiwa na Nekesa nilikokwenda. Alikuja mbio, anahema.

"Mzee, usiguse hata uzi mmoja!"

Mzee Mutiso akatoa pini mdomoni. "Kwani kuna nini, Zakaria? Mama anataka likukae."

"Liache kama lilivyo. Nitalijaza mwenyewe."

Mzee aliweka wembe chini. Ninayasikia maneno yake hata sasa, kwa ule upole wa watu wa kwao. Alisema, "Zakaria, mimi nimeshona tangu wewe hujazaliwa. Koti ndilo hupunguzwa limfuate mtu. Mtu hafugwi kama nguruwe afuate koti. Wewe Mungu amekupa nafasi ya pili, unataka kuitupa kwa ajili ya vifungo?"

Zakaria alilichukua koti kwenye meza, akalikunja mkononi, akaondoka. Mzee akanigeukia akasema, "Nimesema. Asiyesikia huona." Akarudisha pini mdomoni, na sauti ya cherehani ikaendelea.

Zakaria alilijaza. Mimi nyumbani nikikataa kupika yale ya zamani, yeye alikula hotelini kabla ya kuingia. Nikipunguza ugali, anaagiza chapati. Soda zikarudi, sukari ya chai ikarudi, basi likarudi. Vidonge akaviacha kwa sababu, alisema, mtu asiyeumwa hanywi dawa. Tulizozana hadi majirani wakagonga ukuta. Nilimwambia, "Baba Nekesa, utaniachia koti." Akanijibu, "Nami nikiwaachia watu wangu aibu?" Alikuwa ananipenda, na alikuwa anawapenda watu wake, na kati yetu alikuwa anajiua kidogo kidogo kwa kijiko. Mtaa ukafurahi. "Sasa umerudi, mzee!" Kikombe kikatoka dirishani, wakamjazia chai, tena wakamtilia sukari wenyewe.

Desemba tukashuka nyumbani. Vifungo vya koti vilifunga, vyote. Sitakudanganya, alipendeza. Alikaa kwenye kiti cha baba yake akasema maneno mazito, wakwe wakatikisa vichwa, ng'ombe wakakubaliwa. Mama mkwe alinikumbatia akilia kwa furaha, "Umenirudishia nyama, mwanangu." Mimi nilikuwa natazama jagi la maji. Kila alipomaliza hoja moja alimimina, akanywa, akamimina tena, mpaka jagi likabaki tupu mbele ya wageni. Na watu walipokwisha kutawanyika, nilimvua viatu, nikakuta miguu imevimba hadi kamba za viatu zimechora mistari kwenye ngozi. Kwenye kile kidole cha zamani soksi ilikuwa na damu. Hakuwa amesikia maumivu yoyote.

Tuliporudi Nairobi kidole kilikuwa cheusi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mume wangu halikuvunjika, lilikatwa, kwanza kidole, kisha chini ya goti. Mwili wote aliouchuma kwa miezi ukamwagika kitandani pale hospitalini, kana kwamba haukuwa wake, alikuwa ameuazima. Mashavu yakaingia ndani. Nilimlisha uji kwa mkono huu. Siku moja aliniomba msamaha, nikamwambia asiseme hivyo, akasema, "Wacha niseme, Mama Nekesa, bado nina mdomo." Mvua za masika hazikumkuta. Nekesa hakuwa hata amebadilisha meno ya mbele.

Wafula alikuja kuchukua mwili. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuwa na nguvu za kumlaumu. Alisema kaka yake lazima azikwe na lile koti la kijivu, kwa sababu ndilo watu wa nyumbani walilomjua nalo. Nikalitoa kabatini. Tulipomvika tuliona wote, hakuna aliyetaka kulisema. Lilikuwa kubwa. Kubwa kuliko ile Jumapili ya kioo, kubwa kana kwamba ni la mtu mwingine. Ungemlaza nalo, kitambaa kingefunika maiti mbili.

Nilituma mtu kwa Mzee Mutiso. Alikuja pale mochari na sindano, uzi, na utepe wake shingoni. Alimpima Zakaria tumbo, na safari hii mikono yake ilikutana bila taabu. Akafumua mshono wa mgongo, ule ule aliokuwa ameshikia wembe siku ile, akapunguza, akashona kwa mkono, mishono midogo midogo mizuri, kama anayemshonea bwana harusi. Alipomaliza alivuta kola, akafunga vifungo. Koti likamkaa. Kisha yule mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Nekesa, kazi hii nilitaka kuifanya akiwa amesimama." Akakunja utepe wake, akatoka nje, nikamsikia analia.

Nyumbani mama mkwe alisimama kando ya jeneza akamshika mwanawe mkono. Hakuniuliza nyama iko wapi.

Mwanangu, mimi ni mzee sasa, nimeona nguo nyingi zikipungua na kuongezeka. Nasikia hata leo mkikutana mnaambiana, "Umenenepa, maisha yamekukubali." Tumbo si cheti cha maisha. Sisemi kila mnene ni mgonjwa, wala sisemi mwembamba amepona; sukari haibagui, na wapo vijiti vya kiberiti walioipata. Lakini tumbo linalokua mwaka hadi mwaka, juu ya meza iliyojaa mafuta na sukari, juu ya miguu iliyosahau kutembea, lina mgeni linalomwandalia kitanda. Usilipuuze. Nenda ukapimwe damu, ukapimwe presha, ungali unajisikia mzima, maana magonjwa haya hukaa ndani kimya, na kikulacho ki nguoni mwako. Ukipewa dawa, usizitupe siku unayojisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa hizo. Muulize daktari kwanza, watu wa bombani hawana jibu.

Na wewe unayepika, upendo haupimwi kwa kijiko cha mafuta. Nilijifunza hilo mapema, na bado halikuniokoa, kwa sababu mume hapikiwi na mke peke yake. Hupikiwa na mtaa mzima. Ndiyo maana nasema nanyi nyote. Ukimwona mtu amepungua, usimwambie "umeisha." Hujui alivyopanda mlima kufika hapo. Mwambie, "Nafurahi kukuona." Kikombe chake usikitenge, hata kama angekuwa na ugonjwa uliokuwa unauogopa. Neno moja lingetosha kumbakiza Zakaria wangu, na mtaa wote wa watu wema haukulipata.

Mungu akupe mwili unaokubeba, usiwe mwili unaoubeba wewe. Akupe marafiki wanaokuangalia usoni kwanza. Na fundi wako, mwanangu, akupime siku zote ukiwa umesimama.